Askofu Festo Kivengere: Mhubiri Aliyeungama Wivu Wake kwa Ndugu Yake



Jubilei ni neno la Biblia kabla ya kuwa neno la sherehe. Katika Mambo ya Walawi sura ya 25, Waisraeli waliamriwa kuhesabu miaka saba mara saba, na katika mwaka wa 50 baragumu ikapigwa nchini kote. Baragumu hiyo iliposikika, mtu aliyekuwa mtumwa kwa sababu ya deni alirudi kwa jamaa zake, na shamba lililouzwa likarudi kwa wenyewe. Jubilei ilianza kwa sauti ya chombo cha muziki, na kazi yake ilikuwa kuwafungua watu.

Basi leo tunapoimba na kupiga vigelegele, tujiulize kama kuna madeni kati yetu yanayongoja kufunguliwa. Katika kwaya, deni zito si la pesa za sare wala nauli ya mkutano. Ni lile la moyoni. Fulani amepewa kuongoza wimbo niliotamani kuuongoza mimi. Kwaya ya kanisa jirani imerekodi nyimbo zake, yetu bado. Kijana aliyejiunga juzi tayari anapiga kinanda mbele ya watu wote, na mimi wa miaka mingi bado niko safu ya nyuma. Biblia huliita jambo hilo husuda. Sisi huliita wivu, au kijicho. Nalo haliogopi kuingia kanisani, wala haliogopi kuvaa sare ya kwaya.

Kwa sababu hiyo kurasa hizi zimetengwa kwa maisha ya Askofu Festo Kivengere wa Uganda. Wazee wengi wa makanisa yetu wanamkumbuka kama mhubiri mkubwa wa uamsho, askofu aliyemkimbia Idi Amin na kisha akamsamehe. Hiyo ni habari kubwa na ya kweli. Lakini kuna habari nyingine ndogo, ambayo yeye mwenyewe aliisimulia na kuiandika bila kuona haya, ya jinsi alivyomwonea wivu rafiki yake mpendwa waliyekuwa wakihubiri pamoja. Hiyo ndiyo inayotufaa sana siku ya leo.

MTOTO WA WAFUGAJI

Festo Kivengere alizaliwa yapata mwaka 1919 katika eneo la Rukungiri, wilaya ya zamani ya Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda. Watu wake walikuwa wafugaji, na utoto wake ulikuwa kama wa watoto wengi wa Isiolo, Samburu na Marsabit: kuamka mapema, kufuata ng'ombe malishoni, kuwajua kwa rangi na kwa pembe, na kujua wapi maji yanapatikana jua linapokuwa kali. Shule ilimfikia pale injili ilipofika kijijini, akajifunza kusoma, akaendelea hadi akawa mwalimu.

Alikuwa kijana mwenye akili na ulimi mwepesi, lakini imani aliyoipata utotoni ilipoa. Akarudi kufundisha karibu na kwao akiwa mtu wa pombe, na watu waliokoka walimkera. Na kwa wakati huo waliokoka walikuwa wengi, kwa maana uamsho ulikuwa umefika.

Uamsho wa Afrika Mashariki una mizizi yake katika urafiki wa watu wawili, Simeoni Nsibambi, Mganda wa Kampala, na Dakta Joe Church, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini huko Rwanda. Mwaka 1929 walikutana Namirembe, wakasoma Biblia na kuomba pamoja, mweusi na mzungu, wakati ambapo jambo hilo halikuwa la kawaida. Katika miaka ya 1930 moto ulisambaa kutoka Gahini hadi Kigezi, hadi Uganda nzima, na mwaka 1937 ukafika Kabete hapa Kenya. Watu walitubu waziwazi, wakarudisha mali waliyoiba, wakaomba msamaha kwa jirani na kwa wake zao. Huko Uganda waliitwa Balokole, yaani waliookolewa; wengi wetu tumewajua kwa jina la wanandugu. Wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, ulivuka mipaka yote bila kubadilishwa lugha, na hadi leo mtu wa Isiolo na mtu wa Dodoma huuimba kwa Kiganda hichohicho.

Mwaka 1941 moto huo ulimfikia Festo. Ilikuwa siku ya Jumapili. Kanisani mpwa wake alikuwa amesimama na kutoa ushuhuda kwamba Festo angemrudia Bwana. Yeye alikasirika, akatoka akaenda kunywa. Jioni akiwa njiani kurudi nyumbani, alikutana na rafiki yake mwalimu akiwa juu ya baiskeli. Rafiki huyo alimweleza kwamba saa chache zilizopita Yesu amekuwa halisi kwake, kisha akamwomba Festo msamaha kwa mabaya waliyofanya pamoja, akaenda zake akiwa na furaha usoni. Festo alibaki barabarani kama mtu aliyeachwa na gari. Usiku ule alipiga magoti chumbani mwake, na akainuka akiwa mtu mwingine.

BAISKELI YA KILOMITA 80

Wanandugu walifundisha kwamba toba isiyomfikia jirani bado haijafika nyumbani. Waliita jambo hilo kutembea nuruni. Kilichokuwa gizani kati yako na mwenzako kilitakiwa kuletwa nje, kitajwe kwa jina lake, kisafishwe kwa damu ya Yesu, kisha watu waimbe.

Festo alikuwa na la kuleta nuruni. Alimchukia mmisionari mmoja mzungu, na chuki hiyo aliiona kuwa haki yake. Baada ya kuokoka, moyo haukumpa raha mpaka alipochukua baiskeli yake na kusafiri takriban kilomita 80 katika vilima vya Kigezi ili kumwona mtu huyo. Alipofika alimweleza kwamba alikuwa akimchukia, kwamba sasa Kristo amemweka huru, na kwamba amekuja kuomba msamaha. Wawili hao walikumbatiana, wakalia.

Tukio hilo linafaa kukumbukwa tunapoendelea, kwa sababu mtu anaweza kudhani kwamba aliyejifunza somo namna hiyo hatakuwa na haja ya kulirudia. Festo alilazimika kulirudia miaka mingi baadaye, akiwa mhubiri anayejulikana. Na safari ya pili, ingawa haikuwa hata ya kilomita moja, haikuwa rahisi.

Alimwoa Mera, na Mungu akawajalia mabinti wanne. Katikati ya miaka ya 1940 waliondoka Uganda, wakaenda Dodoma, Tanganyika, ambako Festo alifundisha shule na kushuhudia. Huko alizoea Kiswahili, lugha iliyokuja kumfungulia mlango wa Afrika Mashariki yote. Walikaa Dodoma zaidi ya miaka kumi kabla ya kurudi Kigezi mwishoni mwa miaka ya 1950. Kufikia wakati huo jina la Festo lilikuwa linatajwa mbali, na mialiko ya kuhubiri ilikuwa ikija kutoka nchi za ng'ambo.

WILLIAM NAGENDA

Uamsho haukuwa na nyota mmoja. Viongozi wake walikwenda kwa vikundi, na kikundi hicho walikiita timu. Mmoja alihubiri, mwingine akatoa ushuhuda, mwingine akatafsiri, mwingine akakaa tu akiomba. Katika timu hizo alikuwako Mganda aliyeitwa William Nagenda.

Nagenda alikuwa mtu wa familia yenye nafasi, aliyeacha kazi ya ukarani serikalini ili kumtumikia Mungu huko Gahini. Baadaye alikwenda kusomea uchungaji katika chuo cha Askofu Tucker, Mukono. Mwaka 1941, yeye na wanafunzi wenzake wengi walifukuzwa chuoni humo kwa sababu ya msimamo wao wa uamsho. Hakuwekewa mikono kamwe. Alibaki mlei maisha yake yote, hana kola wala cheo, lakini aliposimama na kufungua Biblia watu wa kila rangi walisikiliza. Mwaka 1947 alikwenda Ulaya pamoja na Joe Church na Yosiya Kinuka, na huko wahubiri wazungu waliozoea kuwafundisha Waafrika walikaa chini wakafundishwa.

Festo na William walipendana. Walisafiri pamoja katika nchi nyingi wakigawana mimbari. Huyu akifungua mkutano, yule anaufunga. Wakilala nyumba moja, wakila meza moja, wakiomba pamoja asubuhi. Mtu angewatazama angesema hapa hakuna mlango wa shetani kupita.

SAFARI ILIYOPOA

Katika mojawapo ya safari hizo, Festo aliona kwamba William anapokewa vizuri sana. Watu waliguswa na mahubiri yake. Walimfuata baada ya ibada. Na ndani ya Festo kikaingia kitu kidogo kama mchanga jichoni.

Kwanza hakikujiita wivu. Wivu ni mara chache sana kutaja jina lake. Kilijiita umakini. Festo alianza kusikiliza mahubiri ya mwenzake kama mwalimu anayesahihisha daftari. Sentensi hii ina kosa la lugha. Hoja ile haiendani vizuri na Maandiko. Mikono anavyoirusha ni unafiki mtupu. Kila mahubiri yalikuwa na kasoro, na kila kasoro ilimpa Festo nafuu ya dakika moja, kisha njaa ya kutafuta nyingine.

Kadiri alivyozidi kumkosoa, ndivyo alivyozidi kuwa baridi. Alikuwa katikati ya watu lakini mpweke. Alitamani kurudi nyumbani. Roho Mtakatifu alimchoma, naye badala ya kukubali akatafuta namna ya kumtupia William lawama, kana kwamba ni kosa la William kuwa na kipawa.

Hapo tunaona tabia ya ugonjwa huu. Wazee walisema hasidi hana sababu, na ni kweli, maana Nagenda hakumfanyia Festo ubaya wowote. Hakuchukua nafasi yake, hakumsema vibaya, hakumpuuza. Alichofanya ni kuhubiri vizuri tu. Na matunda ya mahubiri yale yalikuwa ya Bwana mmoja ambaye wote wawili walikuwa watumishi wake. Kama watu kumi waliokoka William alipohubiri, watu hao hawakutolewa katika hesabu ya Festo, kwa sababu hapakuwa na hesabu mbili.

Tena tazama nani aliyeumia. William aliendelea kuhubiri na Mungu akaendelea kumtumia. Aliyekosa chakula ni Festo. Alikaa mbele ya meza iliyoandaliwa, akahesabu nyufa za sahani, akaondoka na njaa.

MANENO MACHACHE KABLA YA MKUTANO

Hatimaye Festo alitubu mbele za Mungu. Angeweza kuishia hapo. Angeweza kujiambia kwamba jambo hili lilikuwa la moyoni mwake tu, Mungu amesamehe, na hakuna haja ya kumsumbua mtu. Lakini ubaridi ulikuwa umetoka moyoni ukafika mezani, katika mazungumzo na katika maombi. Ulikuwa umemgusa mwenzake. Kwa hiyo ilibaki kazi moja, na aliiona kuwa ngumu.

Walikuwa karibu kuondoka kwenda kwenye mkutano ambao wangehubiri pamoja. Festo akamwambia William kwamba anasikitika, na kwamba bila shaka ameuhisi ule ubaridi. William akakiri kwamba ameuhisi, ila hakujua umetokana na nini, akamuuliza ni kitu gani. Festo akamjibu kwamba alimwonea wivu, akamwomba amsamehe.

Ni hayo tu. Hakuongeza kwamba hata wewe William una makosa yako. Hakueleza kwamba amechoka na safari. Hakuliita jambo kutoelewana. Alilitaja kwa jina lake, wivu, jina ambalo mtu mzima huona aibu kulitamka, na hasa mhubiri mbele ya mhubiri.

William aliinuka akamkumbatia, wote wawili wakatoa machozi. Kisha wakaenda mkutanoni. William alihubiri, na safari hii Festo, yule aliyekuwa akihesabu makosa, alisikia neno la Mungu likimgusa kwa kina. Mhubiri alikuwa yuleyule. Lugha yake ilikuwa ileile, na mikono ilirushwa vilevile. Kilichokuwa kimebadilika ni moyo wa msikilizaji.

Tusimsahau William katika habari hii. Mtu akikujia kukwambia kwamba alikuonea wivu, amekupa silaha mkononi. Unaweza kumwuliza maswali mpaka ajute kusema. Unaweza kwenda kuwasimulia wengine. Unaweza kumsamehe kwa namna ya kumfanya mdogo. William hakufanya hata moja. Alimkumbatia, wakaenda kazini. Unyenyekevu wa Festo ulipata mahali pa kutua kwa sababu ulipokelewa na unyenyekevu mwingine.

William Nagenda aliugua kwa muda mrefu, akafariki mwaka 1973. Na aliyeendelea kuisimulia habari hii kwa dunia ni Festo, yaani yule ambaye inamwonyesha vibaya. Angeinyamaza, hakuna mtu angeijua.

MAMBO MADOGO YALIMWANDAA KWA MAKUBWA

Mwaka 1960 Billy Graham wa Marekani alipozunguka Afrika, Festo alimtafsiria katika mikutano ya huku kwetu. Wanakwaya wataelewa vizuri kazi ya mkalimani. Sauti ni yako, jasho ni lako, lakini ujumbe si wako, na watu wakiondoka wanamtaja mgeni. Anayetaka kuonekana hawezi kutafsiri vizuri, kwa maana ataongeza madoido yake. Festo aliifanya kazi hiyo kwa furaha.

Katika miaka ya 1960 alisoma theolojia Pittsburgh, Marekani, na mwaka 1967 akawekewa mikono. Mwaka 1971 alianzisha tawi la Afrika Mashariki la huduma ya African Enterprise, akishirikiana na Michael Cassidy, mzungu wa Afrika Kusini. Hizo zilikuwa siku za ubaguzi wa rangi, na watu wengi walishangaa kuwaona wawili hao wakigawana mimbari moja. Lakini Festo alikuwa amejifunza zamani jinsi ya kugawana mimbari, na gharama yake.

Desemba 1972 aliwekwa kuwa Askofu wa Kigezi, makao yake yakiwa Kabale. Ilikuwa miaka ya Idi Amin. Watu walipotea usiku, hofu ikajaa nchi. Mapema mwaka 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda, Festo akiwa mmoja wao, walimwandikia rais barua ya kulalamikia mauaji. Tarehe 16 Februari Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa na kuuawa. Siku chache baadaye Festo alionywa kwamba zamu yake inakuja. Yeye na Mera walitoroka usiku, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda.

Uhamishoni, uchungu ulimshika. Katika Ijumaa Kuu ya mwaka huo alikuwa London, ndani ya kanisa la All Souls, akitafakari jinsi Yesu alivyowaombea waliomsulubisha. Hapo alitambua kwamba anamchukia Amin, na kwamba chuki hiyo inamla yeye. Akamsamehe. Baadaye kitabu chake kuhusu siku zile kilitoka kwa jina lililowashtua wengi, likisema kwamba anampenda Idi Amin.

Watu hupenda kusimulia msamaha huu kana kwamba ulishuka ghafla kutoka mbinguni. Lakini mtu huyu alikuwa ameupanda mlima huo kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ilikuwa kilomita 80 za baiskeli. Nyingine ilikuwa maneno machache kwa rafiki yake kabla ya mkutano. Aliyezoea kusema nimekosa kwa jambo dogo hakuwa mgeni wa toba lilipokuja jambo kubwa.

Amin alipoanguka mwaka 1979, Festo alirudi Kabale kuwahudumia watu wake. Mwaka 1983 aliwawekea mikono wanawake watatu kuwa makasisi, wakati ambapo makanisa mengi ya Afrika hayakuwa yamethubutu. Alifariki tarehe 18 Mei 1988 katika hospitali jijini Nairobi, kwa ugonjwa wa saratani ya damu, na mwili wake ukarudishwa Kabale.

NENO KWA KWAYA YETU

Wanakwaya, tukumbuke kwamba katika Biblia kuna wivu uliowashwa na wimbo. Katika Samweli wa Kwanza sura ya 18, wanawake walitoka na matari kuimba ushindi, wakampa Daudi hesabu kubwa kuliko ya Sauli. Tangu siku hiyo Sauli alimtazama Daudi kwa jicho baya. Alikuwa bado mfalme, bado ana jeshi na nyumba yake, lakini hakuwa na raha tena. Na kilichosikitisha zaidi, Daudi ndiye aliyekuwa akimpigia kinubi ili roho yake itulie. Sauli akairushia mkuki dawa yake mwenyewe.

Ndugu au dada unayemwonea wivu katika kwaya huenda ndiye Mungu aliyemweka hapo kwa ajili yako. Sauti yake ndiyo inayokushikilia wimbo unapopanda. Ukiwa unangoja ateleze, humsikii tena.

Tunawezaje kujua kama ni wivu au ni bidii ya kutaka kazi nzuri? Kwaya haiwezi kukua bila kusahihishana. Lakini anayesahihisha kwa upendo humwambia mwenyewe, humwambia mapema ili ajirekebishe, na hufurahi sana akiimba vizuri Jumapili. Mwenye kijicho huwaambia wengine, hungoja baada ya ibada, na moyoni husikia utamu sauti ikikwaruza. Ukijikuta unakumbuka makosa yote ya mtu mmoja na hukumbuki hata zuri lake moja, simama ujipime. Ndipo alipokuwa Festo.

Na tukijikuta hapo, tufanye alivyofanya. Kwanza, twende kwa Mungu, tuutaje wivu kwa jina lake. Kisha, kama ubaridi wetu umemfikia mwenzetu, kama amehisi salamu zimepungua na vicheko vimekatika akiingia, twende kwake. Twende peke yetu, si mbele ya kwaya nzima. Maneno yawe machache, bila kuongeza lawama. Lakini kama jambo halijatoka moyoni, na mwenzetu hajahisi chochote, hakuna faida ya kumtwisha mzigo asioujua. Tumwombee kwa jina kila siku, tumshukuru Mungu kwa kipawa chake mpaka shukrani hiyo iwe ya kweli. Na sisi tunaofuatwa kuombwa msamaha, tuwe kama William. Tuinuke, tukumbatie, twende kazini.

Wenye asili ya huku kaskazini wanavijua visima virefu vya Waborana na Wasamburu. Wakati wa kiangazi watu hushuka kisimani, wakasimama mmoja juu ya mwingine kutoka chini kabisa hadi juu, wakapitishiana ndoo ya maji mkono kwa mkono, na wote huimba ili mikono iende pamoja. Ng'ombe wakinywa humwona yule wa juu tu. Yule wa chini, aliyesimama kwenye tope gizani, hawamwoni. Lakini akisimamisha mkono wake, birika linakauka. Na yule wa juu naye hana maji yake mwenyewe. Anayomimina amepewa kutoka chini.

Kwaya ni kisima kama hicho. Wako wanaoonekana, na wako besi wa nyuma, na mama anayefua sare, na mzee anayefungua kanisa siku ya mazoezi, na waliotutangulia mbinguni walioanzisha nyimbo tunazoimba leo. Maji ni ya Bwana. Wanaokunywa ni watu wake hapa Isiolo, mjini na vijijini. Hakuna mkono uliotengwa kwa ajili ya kujionyesha, wala hakuna mkono usiohitajika.

Basi katika jubilei hii, kabla baragumu halijalia na vigelegele havijapanda, yeyote aliye na deni la moyoni kwa mwenzake alifungue leo. Anaweza kulifungua hata kabla ya wimbo unaofuata, kwa maneno machache kama yale ya Festo. Na Bwana, aliyejinyenyekeza akawaosha wanafunzi wake miguu, atupe sisi moyo wa kushangilia kwa kweli mwenzetu anapoinuliwa.

Bwana awabariki nyote, na aibariki kwaya yetu. Amina.